Kuandaa kihariri cha msimbo: maswali ya wanaoanza kuandika programu

Maswali haya nimeyasikia mara nyingi kutoka kwa watu wanaokaa mbele ya kompyuta kwa mara ya kwanza wakiwa na nia ya kuandika programu. Wengi hukata tamaa kabla hata ya kuandika mstari wa kwanza, na si kwa sababu lugha ni ngumu. Hukwama kwenye maandalizi, kisha hudhani kasoro iko kwao. Ndiyo maana majibu mengine ni marefu: pale ambapo watu hukwama sana, nimekaa zaidi.

Menyu za vihariri vingi zimeandikwa kwa Kiingereza, kwa hiyo majina ya vitufe na amri nimeyaacha kama utakavyoyaona kwenye skrini. Palipoandikwa Ctrl, mwenye Mac abonyeze Cmd, isipokuwa pale nilipotaja vingine.

## Mambo ya msingi

1. Kihariri ni nini, na kwa nini nisiandikie programu kwenye Word?

Kihariri ni programu ya kuandikia maandishi matupu: herufi, tarakimu, alama na nafasi, basi. Word huhifadhi na mambo mengine yasiyoonekana, kama aina ya herufi, rangi, pambizo na picha. Faili ya .docx kwa kweli ni furushi la zip lenye faili kadhaa ndani yake. Python au kompaila ya C (programu inayotafsiri ulichoandika ili kompyuta iweze kukiendesha) ikipewa furushi hilo haiukuti msimbo wako, yaani maandishi ya programu yenyewe.

Tena Word hupenda kusahihisha. Hugeuza alama za nukuu zilizonyooka zikawa zilizopinda, hukuza herufi ya kwanza ya sentensi, na vistari viwili huviunganisha kimoja kirefu. Kwenye barua huo ni msaada. Kwenye programu, kila badiliko la namna hiyo ni kosa jipya (tazama swali la 20).

Notepad ya Windows inaweza kufanya kazi hii kwa shida. Kihariri cha msimbo huongeza vitu ambavyo jicho la anayeanza huvihitaji mno: rangi za kutofautisha maneno ya lugha na maandishi ya kawaida, namba za mistari, mabano yanayojifunga, na alama chini ya neno lililokosewa.

2. Nimeshasakinisha kihariri. Mbona programu yangu haifanyi kazi?

Kwa sababu kihariri hakiendeshi programu. Ningeomba kila anayeanza alisome jibu hili mara mbili, maana matatizo mengi yaliyo chini ya ukurasa huu yanaanzia hapa.

Kuna vitu vitatu tofauti. Kihariri ni mahali pa kuandikia. Lugha yenyewe ndiyo inayosoma ulichoandika na kukitekeleza, nayo husakinishwa peke yake: intapreta ya Python, Node.js kwa JavaScript, JDK kwa Java, kompaila kama gcc kwa C. Cha tatu ni terminali, dirisha la kuandikia amri, ambamo unaiambia lugha: chukua faili hii, iendeshe.

Kile kitufe cha pembetatu kilicho juu upande wa kulia wa Visual Studio Code hakina siri yoyote. Kinaandika amri kwenye terminali kwa niaba yako. Kibonyeze, kisha tazama chini. Utaiona amri yenyewe imeandikwa pale.

Basi tatizo likitokea, jiulize ni kipi kati ya vitatu hivyo kimekataa. Kujua ni rahisi: funga kihariri, fungua terminali ya kompyuta, ingia kwenye folda ya kazi yako kwa amri ya `cd`, kisha andika `python` na jina la faili. Programu ikifanya kazi hapo, lugha ni nzima na hitilafu iko kwenye mipangilio ya kihariri. Ikikataa hapo pia, hata ukibadilisha vihariri kumi hali itabaki ileile.

HTML na CSS ziko tofauti kidogo: zenyewe husomwa na kivinjari, ambacho tayari unacho.

3. Kihariri na IDE vina tofauti gani?

IDE ni karakana kamili iliyofungwa pamoja: kihariri, zana za kuendesha programu, za kutafuta hitilafu, na za kupanga miradi mikubwa. PyCharm na IntelliJ IDEA za JetBrains ni mifano. Kihariri huanza kikiwa chepesi, nawe unakiongezea unachohitaji. Siku hizi mpaka kati ya viwili hivi umefifia, na anayeanza hana haja ya kuumiza kichwa juu yake.

4. Nichague kihariri kipi?

Kama unajifunza Python na hujawahi kuandika programu maishani, anza na Thonny. Ilitengenezwa katika Chuo Kikuu cha Tartu, Estonia, kwa ajili ya wanaoanza hasa. Inakuja na Python yake ndani, kwa hiyo shida yote ya swali la 2 haipo. Pia inaweza kuendesha programu hatua kwa hatua huku ikikuonyesha thamani ya kila kigeu (jina linaloshikilia thamani) inavyobadilika. Sijaona zana nyingine inayolieleza jambo hilo kwa uwazi kama huo.

Kama unajifunza lugha zaidi ya moja, au unataka kitu utakachoendelea nacho kazini, chukua Visual Studio Code, ambayo wengi huiita VS Code. Microsoft waliitangaza mwaka 2015. Ni ya bure, inafanya kazi kwenye Windows, Mac na Linux, na masomo mengi yaliyoko mtandaoni huitumia. Majibu yaliyo hapa chini yanaihusu hiyo, isipokuwa nikisema vingine.

Notepad++ ni ya Windows tu, ipo tangu 2003, nyepesi na imara. Sublime Text ina kasi sana. Unaweza kuijaribu bila kikomo cha muda, ila kuitumia kwa kudumu kunataka leseni ya kulipia. Ukikuta somo la zamani linalopendekeza Atom, liruke: GitHub, waliokuwa wakiitengeneza, waliisitisha Desemba 2022.

Ukishachagua, tulia. Nimewaona watu wakitumia wiki nzima kulinganisha vihariri, na mwisho wa wiki hawajui bado kuandika kitanzi cha `for`. Kuhama kihariri baadaye ni kazi ya siku moja au mbili.

5. Kompyuta yangu ni ya zamani. Itaiweza VS Code?

VS Code imejengwa juu ya Electron, maana yake kila ikifunguka inabeba kivinjari kizima ndani yake. Ndiyo sababu hula kumbukumbu. Ukiwa na RAM ya GB 4 utafanya kazi vizuri, mradi usiache vichupo ishirini wazi kwenye kivinjari. Ukiwa na GB 2, tumia Thonny, Geany au Notepad++. Windows ya biti 32 haipati tena matoleo mapya ya VS Code. Notepad++ bado inayo toleo lake.

Kompyuta dhaifu haikuzuii kujifunza. Programu za mwanzo ni ndogo mno kiasi kwamba lugha yenyewe haitahisi uzito.

6. Sina kompyuta, nina simu tu. Nianzeje?

Anza, usisubiri. Kwenye Android, Pydroid 3 inakupa Python ndani ya simu, Acode inafaa kwa HTML, CSS na JavaScript, na Termux inakupa terminali halisi ya mtindo wa Linux. Termux ichukue kutoka F-Droid, duka la programu huria za Android.

Kitakachokuchosha ni kuandika mabano na nukta mkato kwa kibodi ya skrini. Ukipata kibodi ya Bluetooth au ya waya, hali hubadilika kabisa. Vigeu, masharti, vitanzi na funksheni vyote unaweza kuvijifunza vizuri kwenye simu. Miradi yenye faili nyingi ndiyo itakayokudai kompyuta.

## Kusakinisha

7. VS Code naipakua wapi, na nibofye nini?

Nenda code.visualstudio.com. Angalia usichukue Visual Studio isiyo na neno Code: hiyo ni IDE nyingine ya Microsoft, nembo yake ni ya zambarau, na ni nzito mara nyingi zaidi. Wanaoichukua kwa bahati mbaya ni wengi.

Kwenye Windows, kisakinishi cha kawaida hakihitaji nywila ya msimamizi. Hakikisha kisanduku cha "Add to PATH" kina alama (PATH imeelezwa kwenye swali la 8), na ukipenda weka alama pia kwenye vile vya "Open with Code", ili ubofye folda yoyote kulia na kuifungua moja kwa moja. Kwenye Mac, ikokote programu hadi folda ya Applications kabla ya kuifungua. Ikiachwa ndani ya Downloads huleta shida wakati wa kujisasisha. Kwenye Ubuntu na jamaa zake, pakua faili ya .deb.

8. Nikiandika `python` naambiwa "is not recognized", au Microsoft Store inafunguka. Nimekosea wapi?

Hujakosea sana. Unapoandika amri, Windows hupitia orodha ya folda iitwayo PATH ikitafuta programu yenye jina hilo. Python ikiwa haimo kwenye orodha, ni kama haipo, hata kama umeisakinisha dakika tano zilizopita.

Kisakinishi cha kawaida kutoka python.org kina kisanduku chini ya dirisha la kwanza kilichoandikwa "Add python.exe to PATH", na huwa hakijawekewa alama. Wengi hukipita kwa haraka. Kama ulikipita, endesha kisakinishi tena, chagua Modify, songa mbele hadi "Add Python to environment variables", weka alama, maliza. Kisha funga terminali zote na kihariri, uvifungue upya. Hatua hii usiiruke, kwa sababu terminali husoma PATH inapofunguka tu.

Microsoft Store ikijitokeza, ni kwa sababu Windows imeweka njia ya mkato yenye jina `python` inayoelekea dukani. Tafuta "App execution aliases" kwenye mipangilio ya Windows, uzime zile mbili za Python. Wakati huohuo jaribu `py` badala ya `python`. Mara nyingi hufanya kazi hata PATH ikiwa na kasoro.

Kwenye Mac na Linux amri ni `python3`.

9. Nitajuaje kwamba kila kitu kimekaa sawa?

Andika `python --version` kwenye terminali. Ukijibiwa namba inayoanza na 3, lugha ipo. Kisha tengeneza folda, ifungue kwenye kihariri, unda faili iitwayo `salamu.py`, uandike:

```
jina = input("Jina lako nani? ")
print("Karibu,", jina)
```

Hifadhi, kisha iendeshe. Nimeweka `input` makusudi: ukiweza kuandika jina lako na kujibiwa, umethibitisha kihariri, lugha na terminali kwa pamoja. Ikikataa kupokea unachoandika, nenda swali la 21.

10. Intaneti yangu ni ya kubahatisha. Nitafanya kazi?

Ndiyo. Kuandika na kuendesha programu hakuhitaji mtandao. Siku ukiupata, pakua kisakinishi cha kihariri, cha lugha, na viendelezi unavyovihitaji, yaani programu ndogo za kukiongezea kihariri uwezo. Kiendelezi huja pia kama faili ya .vsix, ambayo unaweza kuibeba kwenye flashi na kuisakinisha kwa amri ya "Install from VSIX". Pakua na nyaraka rasmi za Python pia. Zinatolewa kwa ajili ya kusomwa bila mtandao.

## Siku za kwanza ndani ya kihariri

11. Kwa nini naambiwa nifungue folda, si faili moja?

Kwa sababu kihariri huichukulia folda kuwa ndiyo mradi. Ukitumia File kisha Open Folder, terminali hufunguka ikiwa tayari ndani ya folda hiyo, faili zako zote huonekana upande wa kushoto, na programu inayosoma `data.txt` huikuta ilipo. Ukifungua faili pekee, terminali inaweza kuwa imesimama folda nyingine kabisa, nawe ukaambiwa faili haipo ilhali unaiona kwa macho yako.

Kila zoezi au mradi upe folda yake, na majina usiyaache na nafasi katikati: `zoezi_la_kwanza` ni salama kuliko `zoezi la kwanza`, kwa sababu terminali huchukulia nafasi kuwa mwisho wa neno.

Onyo moja ambalo lingewaokoa wengi: usiipe faili yako ya Python jina la moduli iliyopo, yaani msimbo ulioandikwa tayari ambao unauita kwa `import`. Mtu akijifunza kuchora kwa `turtle` huona ni jambo la kawaida kuiita faili `turtle.py`. Python hutafuta kwanza kwenye folda ya programu, kwa hiyo inajikuta ikiita faili hiyohiyo badala ya moduli halisi, na ujumbe wa kosa hauelezi kitu kinachoeleweka. Vivyo hivyo kwa `random.py`.

12. Dirisha linaniuliza kama nawaamini waandishi wa faili hizi. Nijibu nini?

Folda ikiwa ni yako, kubali. Swali hilo liliongezwa mwaka 2021 kwa sababu folda inaweza kuwa na maagizo yanayojiendesha mara tu inapofunguliwa. Kama umeipakua kwa mtu usiyemjua, kataa. Utaendelea kuisoma bila shida, ila haitaendesha chochote.

13. Nimebadilisha msimbo lakini matokeo ni yaleyale.

Hujahifadhi. Tazama jina la faili kwenye kichupo chake: ukiona nukta badala ya alama ya kufunga, mabadiliko yako bado hayajafika kwenye diski, na lugha husoma kilicho kwenye diski. Bonyeza Ctrl+S, au washa Auto Save kwenye menyu ya File. Kwa anayeanza nashauri kuiwasha siku ya kwanza kabisa.

Kama umehifadhi na bado hali ni ileile, huenda unaendesha faili nyingine yenye jina linalofanana. Soma amri iliyoandikwa kwenye terminali uone ni ya folda gani.

14. Nisakinishe viendelezi vipi?

Vichache. Kwa Python, kiendelezi cha Python cha Microsoft kinatosha. Kwa HTML na CSS, Live Server hukuonyesha ukurasa kwenye kivinjari na kuusasisha kila unapohifadhi. Kwa JavaScript huhitaji kuongeza chochote mwanzoni, kwani VS Code inaielewa tayari. Prettier hupanga msimbo vizuri, ila ningependa mtu apange mwenyewe kwa wiki chache kwanza, mpaka jicho lizoee.

Orodha za "viendelezi 30 usivyoweza kuvikosa" zipuuze. Kila kiendelezi hupunguza kasi kidogo, huongeza madirisha ya mapendekezo, na kina uwezo wa kusoma faili zako kama programu nyingine yoyote. Viendelezi hasidi vimewahi kupenyezwa kwenye duka lenyewe, mara nyingi vikijifanya vile maarufu. Kabla ya kusakinisha, soma jina la mchapishaji, usiishie kwenye jina la kiendelezi.

15. Mipangilio ipi ni ya kubadilisha mapema?

Ctrl na alama ya mkato hufungua mipangilio. Kuza herufi kwanza, kwa sababu nukta na mkato zikifanana machoni utatafuta kosa saa nzima. Washa Word Wrap ili mistari mirefu isitoke nje ya skrini, na Render Whitespace uiweke "all" kama unajifunza Python, nafasi zionekane. Mandhari, yawe meusi au meupe, chagua yanayokupumzisha macho.

Mengine yaache.

16. Tab au nafasi?

Kwa Python, nafasi nne. Ndivyo mwongozo wa uandishi wa lugha hiyo, PEP 8, unavyosema. VS Code ukibonyeza kitufe cha Tab hukuwekea nafasi yenyewe, kwa hiyo huna haja ya kugonga mara nne. Shida huja ukinakili msimbo wenye tab halisi ukauchanganya na wako: machoni umejipanga vizuri, lakini Python 3 hukataa na kusema `TabError` au `IndentationError`. Dawa ni Ctrl+Shift+P, kisha "Convert Indentation to Spaces".

17. Njia za mkato zipi zinafaa kujifunza?

Tano kwa kuanzia. Ctrl+S kuhifadhi. Ctrl+Z kurudisha nyuma. Ctrl na mkwaju `/` kugeuza mstari kuwa maelezo na kuurudisha. Ctrl na alama ya ` kufungua terminali (kwenye Mac pia ni Ctrl). Ya tano ndiyo muhimu kuliko zote: Ctrl+Shift+P, inayofungua kisanduku cha kutafutia amri yoyote. Ukiijua hiyo, huna haja ya kukumbuka menyu.

Zikishakuingia mkononi, ongeza Ctrl+D ya kuchagua neno linalojirudia ili ulibadilishe mahali pengi kwa mkupuo mmoja, na F2 ya kubadilisha jina la kigeu katika mradi mzima.

## Mambo yakikwama

18. Nimesakinisha maktaba kwa pip (zana ya Python ya kusakinishia maktaba), lakini bado naona `ModuleNotFoundError`, au mstari wa rangi chini ya `import`.

Karibu mara zote kuna Python zaidi ya moja kwenye kompyuta. Pip imeiweka maktaba kwenye moja, kihariri kinatumia nyingine. Bonyeza Ctrl+Shift+P, andika "Python: Select Interpreter", uone ipi imechaguliwa. Kisha jizoeze kusakinisha hivi:

```
python -m pip install requests
```

Ukiandika hivyo, pip inayotumika ni ya Python ileile inayojibu jina `python` kwenye terminali hiyo.

Suluhisho la kudumu ni kuupa kila mradi mazingira yake, yaani folda yenye Python na maktaba za mradi huo pekee. Ndani ya folda ya mradi andika `python -m venv .venv`, kisha uyawashe: kwenye Windows `.venv\Scripts\activate`, kwenye Mac na Linux `source .venv/bin/activate`. Rudi kwenye "Select Interpreter" na uchague ile yenye `.venv`.

PowerShell ikikuambia kuendesha skripti kumezuiwa, si kosa lako. Ni kinga ya Windows. Andika `Set-ExecutionPolicy -Scope CurrentUser RemoteSigned` mara moja tu, au fungua terminali ya aina ya Command Prompt badala yake.

19. Faili yangu ni `.py` lakini haina rangi, na haiendeshwi.

Yawezekana jina lake kamili ni `salamu.py.txt`. Windows huficha viambishi vya majina ya faili, kwa hiyo Notepad ikikuongezea `.txt` huioni. Kwenye File Explorer, fungua View, washa "File name extensions", kisha ulirekebishe jina. Viambishi hivyo viache vionekane siku zote.

20. Nimenakili msimbo kutoka PDF au ujumbe wa simu, sasa unaleta makosa ya ajabu.

Tazama alama za nukuu. Zilizopinda si zile zinazotambuliwa na lugha. Zifute uzigonge upya kwa kibodi yako. PDF hupoteza pia nafasi za mwanzo wa mistari, na kwa Python nafasi hizo ni sehemu ya maana ya programu.

Skripti ya bash iliyoandikwa kwenye Windows ikikataa Linux na kutaja `\r`, ni kwa sababu Windows hufunga kila mstari kwa alama mbili pale Linux inapotumia moja. Chini kulia mwa VS Code kuna neno CRLF. Libofye, chagua LF, hifadhi.

Ushauri wangu wa dhati kwa mazoezi mafupi: usinakili, andika kwa mkono. Vidole hukumbuka kile ambacho macho huruka.

21. Programu inaniuliza jina, lakini siwezi kuandika jibu.

Unaiendesha kwa kiendelezi cha Code Runner, ambacho kwa kawaida huonyesha matokeo kwenye kichupo cha Output. Kichupo hicho ni cha kusoma tu. Fungua mipangilio, tafuta "Run In Terminal" chini ya Code Runner, weka alama. Au endesha programu kwa kuandika amri mwenyewe. Tatizo hili huwapata sana wanaojifunza `scanf`, ya kupokea jibu la mtumiaji, kwenye C.

22. Nimeweka kiendelezi cha C/C++ lakini naambiwa gcc haipo.

Kiendelezi hicho hakiji na kompaila. Ni jambo lilelile la swali la 2. Kwenye Ubuntu andika `sudo apt install build-essential`. Kwenye Mac, `xcode-select --install`. Kwenye Windows sakinisha MSYS2, fungua terminali yake, andika `pacman -S mingw-w64-ucrt-x86_64-gcc`, kisha ongeza folda ya `C:\msys64\ucrt64\bin` kwenye PATH. Njia ya Windows ndiyo ndefu kuliko zote. Tenga muda, na ufuate hatua moja baada ya nyingine.

23. Kitufe cha Tab kimeacha kusogeza mstari, kinarukaruka kwenye vitufe vya skrini.

Umegusa Ctrl+M bila kujua. Ibonyeze tena (kwenye Mac ni Ctrl+Shift+M). Tabia hiyo iliwekwa kwa ajili ya wanaotumia kihariri bila kipanya.

## Hali za pekee

24. Ninatumia kisoma skrini. VS Code itanifaa?

Ndiyo, na ni miongoni mwa vihariri vilivyoshughulikiwa vizuri upande huu. Inafanya kazi na visoma skrini kama NVDA, ambayo ni ya bure, na VoiceOver ya Mac. Alt+F1 hufungua maelezo ya msaada kulingana na mahali ulipo. Unaweza pia kuwasha milio inayokujulisha kuwa mstari uliofikia una kosa.

25. Natumia kompyuta ya watu wengi na siruhusiwi kusakinisha kitu.

Pakua VS Code ya Windows kama faili ya .zip, ifungue kwenye flashi, kisha tengeneza ndani yake folda iitwayo `data`. Mipangilio na viendelezi vyako vitakaa humo na utatembea navyo. Mbadala ni vscode.dev, inayofunguka kwenye kivinjari; inafaa kuandikia, lakini haina terminali, kwa hiyo lugha kama C haitaendeshwa.

26. Nizime mapendekezo ya akili unde?

Kwa wiki za mwanzo, ndiyo. Kihariri kinapokumalizia mstari kabla hujaufikiria, kinachukua sehemu ileile ya kazi uliyokuja kujifunza. Tafuta `editor.inlineSuggest.enabled` kwenye mipangilio, iondolee alama. Kuiuliza zana hiyo maana ya ujumbe wa kosa, baada ya kujaribu kuusoma mwenyewe, ni jambo jingine, na hilo naliunga mkono.

27. Nimejikuta ndani ya Vim na siwezi kutoka.

Vim ni kihariri kinachofunguka ndani ya terminali. Bonyeza Esc, andika `:q!`, kisha Enter. Utatoka bila kuhifadhi. Ukitaka kuhifadhi, `:wq`.

28. Nimebadilisha mambo mengi hadi kihariri kimeharibika. Nisakinishe upya?

Kusakinisha upya mara nyingi hakusaidii, kwa sababu mipangilio yako hukaa folda nyingine na hubaki palepale. Kwanza funga kihariri, ukifungue kwa amri `code --disable-extensions`. Kikipona, mkosaji ni kiendelezi. Bonyeza Ctrl+Shift+P uandike "Start Extension Bisect": kihariri kitazima nusu ya viendelezi na kukuuliza kama tatizo bado lipo, kisha nusu ya iliyobaki, hivyo hivyo hadi kimoja kibaki. Hata ukiwa na viendelezi 16, maswali manne hivi yanatosha kumpata.

Kama hali ni ileile bila viendelezi, fungua ukurasa wa mipangilio na uandike `@modified` kwenye kisanduku cha kutafutia. Utaorodheshewa yote uliyoyabadilisha wewe, na kila moja lina kitufe cha gia pembeni chenye "Reset Setting".